Waliotoka Lufingo na Uraia Usioamuliwa

Bati la kwanza katika ukoo wetu lilinunuliwa kwa fedha ya dhahabu ya Johannesburg. La pili lilinunuliwa kwa shaba ya Kitwe. La tatu, hilo la rangi ya damu ya mzee ambalo mafundi wanalipigilia mwaka huu, linalipiwa na mshahara wa nesi aliyeko Leicester, Uingereza. Nyumba mbili za mwanzo hazikumsumbua mtu. Hii ya tatu inatusumbua, kwa kuwa mwenye kuilipia si raia wa Tanzania tena, na inajengwa kwenye ardhi ya kijiji.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Somo la Uraia nimelifundisha miaka mingi katika shule za msingi za Rungwe, nikiwaandikia watoto ubaoni kwamba kuna raia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Baada ya kustaafu wenzangu wakanichagua kuwa mjumbe wa baraza la kata, enzi zile baraza lilipokuwa bado linaamua kesi za ardhi, si kusuluhisha tu kama ilivyo tangu 2021. Ukikaa kwenye benchi lile unagundua haraka kwamba uraia pacha, ambao huko Dodoma unazungumzwa kama habari ya mabalozi na wenye suti, kwetu ni kesi ya migomba. Nani alipanda, nani aliondoka, nani alibaki kupalilia, nani sasa anarudi na karatasi ya nchi gani.

Zamani kesi hiyo isingekuwepo. Ardhi ya Unyakyusa haikurithiwa namna hii. Wavulana wa rika moja, wakifika miaka kumi au kumi na moja hivi, walitoka katika nyumba za baba zao wakajenga vibanda vyao pembeni. Walikula wakizungukia kwa mama wa kila mmoja, na walipooa walioa wakiwa hapohapo, na vile vibanda vikawa kijiji kamili. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938, waliandika sana kuhusu vijiji hivi vya rika, na wazungu wengi waliosoma vitabu vyao walishangaa. Sisi tulishangaa kwamba wanashangaa. Kizazi kipya kilipokabidhiwa nchi katika sherehe za ubusoka, wazee walisogea na ardhi ikagawanywa upya. Mtu alikuwa na shamba kwa sababu anaishi na wenzake na kula nao. Akihama, alipewa mwingine. Akija mgeni asiye na ugomvi alionyeshwa mahali pa kujenga, maana malafyale, yaani chifu, asiye na watu alikuwa malafyale wa nini?

Kahawa ndiyo iliyovunja mpango huo. Mahindi na maharage unavuna mwaka huohuo ukaondoka, lakini mbuni unausubiri miaka mitatu au minne kabla haujakulipa, kisha unakaa ardhini umri wa mtu. Nani atapanda mibuni halafu akubali shamba lirudi kwa kijiji? Miaka ya 1950, P. H. Gulliver alipokuja kuchunguza habari za ardhi na za vijana wanaokwenda kufanya kazi mbali, alikuta vijiji vya rika vinakufa na shamba linageuka mali ya baba inayomngoja mwanawe. Tangu hapo kuwa mtu wa Lufingo, kwetu hapa Rungwe, kukawa na maana ya kuwa na baba wa Lufingo. Naliweka hili mbele kwa sababu wapo wanaosema sheria yetu ya uraia inalinda mila. Mila gani? Hii tuliyonayo ina umri wa mibuni.

Kuondoka kulianza na kodi. Wajerumani waliweka kodi ya nyumba mwaka 1897, na hapa kwetu waliidai kutoka boma lao la Neu Langenburg, ambalo leo ni Tukuyu. Mpaka nao walikuwa wameshaukubali na Waingereza kwa mkataba wa Julai 1890, na mwaka 1898 tume yao ikaja kupima. Mto Songwe ukawa mwisho wa nchi moja na mwanzo wa nyingine, ingawa Mngonde wa Karonga na Mnyakyusa wa Rungwe wanasikilizana bila mkalimani na hadithi zao za asili ni zilezile. Songwe wenyewe haujawahi kuheshimu mkataba. Ukifurika unahama njia, na shamba lililolala Tanganyika linaamka Nyasaland, Malawi ya leo. Mpaka leo serikali mbili zinapanga mipango ya kuutuliza.

Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey lilipanda kutoka Nyasaland likaichukua Neu Langenburg, Mjerumani akaondoka, na Mwingereza akaendelea kudai kodi kama mwenzake. Fedha ya kuilipa ilipatikana wapi? Babu yangu aliitafuta Lupa, huko Chunya, ambako dhahabu ya mchangani iliibuka miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 iliwavuta watu kwa maelfu. Alikwenda kwa miguu akipitia Mbeya, akachekecha mchanga wa mzungu mmoja, akarudi na fedha ya kodi, blanketi na kikohozi. Habari zake ni fupi kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kuzisimulia.

Baba alipenda. Yeye alikwenda Joni, kama walivyoiita Johannesburg, miaka ya 1950, akarudi, akaoa, akaenda tena. Aliyewachukua alikuwa Wenela, shirika la kuandikisha vibarua wa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand. Watu wa huku hawakuwa wakitakiwa sikuzote. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuwachukua watu wa kaskazini ya latitudo ya 22, kwa kuwa walikuwa wanakufa mno kwa nimonia. Katika miaka ya 1930 dhahabu ikapanda bei, migodi ikataka mikono zaidi, marufuku ikaondolewa. Baba alivuka Songwe na vijana wenzake wakajiandikishia upande wa Nyasaland, akapimwa kifua, akavishwa namba mkononi.

Jambo alilolisimulia zaidi ni chumba cha mvuke. Kabla ya kuteremshwa shimoni waliingizwa kwenye chumba chenye joto kali, wakawa wanapanda na kushuka ngazi fupi kwa kufuata mdundo, siku baada ya siku, ili mwili uzoee joto la chini ya ardhi. Aliyezidiwa aliondolewa. Sisi watoto tulimwomba aonyeshe, naye alipanda na kushuka kizingiti cha mlango akihesabu kwa Fanakalo, ile lugha ya migodini yenye Kizulu na Kiingereza ndani yake, mama akimwambia, "Baba Mwalimu, utavunja mlango." Jina la Mwalimu nilipewa kabla sijaanza hata shule, na baba alisema wazi kwamba ada yangu imo katika sanduku lake la bati.

Mkataba wao ulipangwa ili mtu asiote mizizi. Ulikuwa wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, kisha lazima urudi kwenu. Mke haruhusiwi. Sehemu ya mshahara hulipwi huko. Inangoja, unaikuta ukirudi nyumbani. Kambi ilikuwa ya wanaume watupu. Kwa akili ya wenye migodi, kibarua alikuwa na kwao, na huko kwao ndiko kutakakomlea mtoto wake, kumuuguza akipata vumbi la mapafu, na kumzika. Wao walilipia saa za shimoni tu. Godfrey Wilson alipotoka Rungwe alikwenda Rhodesia ya Kaskazini, mwaka 1938 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, akachunguza wafanyakazi wa Broken Hill, ambayo sasa ni Kabwe. Alisema mchana kweupe kwamba watu hawa wameshakuwa watu wa mjini na ni bure kujifanya wapo safarini. Wenye migodi wakamfungia mlango, na mwaka 1941 akajiuzulu.

Sasa, baba alikuwa raia wa nchi gani wakati anapanda ile ngazi? Swali hili niliwauliza wanafunzi wa darasa la saba kila mwaka na wote walijibu, "Tanganyika." Hapana. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na watu wake waliitwa kisheria watu walio chini ya ulinzi wa Mwingereza. Walilindwa, lakini hawakuwa raia wa Uingereza wala wa koloni lolote. Wanaume wa Lufingo walichimba dhahabu iliyotajirisha dunia wakiwa si raia wa mahali popote. Uraia walioupata tarehe 9 Desemba 1961 ulikuwa wa kwanza maishani mwao, na baba, ambaye hakuwa mtu wa machozi, alilia.

Uraia huo nusura uwe wa namna nyingine. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa watu weusi peke yao. Hawakuwa wajinga wala waovu. Walikuwa wanasema yale ambayo wapiga kura wao walikuwa wanasema, kwamba Mhindi na Mzungu wameshakula vya kutosha. Nyerere, Waziri Mkuu wakati huo, alisimama akakataa kuufunga uraia na rangi ya ngozi, akasema kwamba serikali yake itajiuzulu muswada ukikwama. Muswada ukapita. Swali gumu kuliko la uraia pacha liliamuliwa katika mjadala mmoja, kwa sababu mtu mmoja aliweka kiti chake rehani.

Baada ya uhuru serikali hiyohiyo ilifunga mlango wa Wenela. Nyerere hakutaka nguvu za Watanganyika zijenge dola ya ubaguzi, na siwezi kumlaumu. Lakini huku Rungwe uamuzi ule uligusa mahari, mabati na ada za shule, na nilisikia wazee wakinong'ona kwamba wapo vijana waliovuka Songwe, wakajiita Wangonde, wakaendelea kupanda ndege za Wenela kutoka Malawi. Rais Banda wa huko aliendelea kutoa watu mpaka Aprili 1974, ndege ya Wenela ilipoanguka Francistown, Botswana, ikaua wachimbaji zaidi ya 70. Sijui kama kulikuwa na mtu wetu ndani. Kama alikuwepo, alizikwa kama Mmalawi.

Nduguye baba, baba yetu mdogo, hakurudi. Yeye alichagua shaba. Alikwenda Kitwe kwenye mgodi wa Nkana, na Wanyakyusa walikuwa wengi huko kiasi cha kuwa na sauti katika mambo ya wafanyakazi. Kule sheria zilikuwa zimeanza kulegea. Kampuni zilitaka fundi anayekaa, mwenye mke na nyumba, kuliko kibarua wa kubadilisha kila mwaka. Baba mdogo akaoa Mbemba, akazaa, akatuma bati la pili. Tarehe 24 Oktoba 1964 Rhodesia ya Kaskazini ikawa Zambia, na familia moja ikawa na nchi mbili bila mtu kuhama chumba. Kwa sheria yetu ya 1961 mtoto aliyezaliwa nje na baba raia alihesabiwa raia, ila akishakuwa mtu mzima alipaswa kuchagua upande. Binamu zangu walichagua shule zilipo, kazi zilipo na mama alipo. Ni Wazambia. Reli ya TAZARA ilipoanza kazi miaka ya 1970 walikuja Lufingo kwa treni hadi Mbeya, wakiwa na blanketi za zawadi na Kinyakyusa kilichopinda. Bibi aliwasalimu, "Mugonile," nao wakajibu, "Ndaga," wakacheka, na shamba la baba yao lilikuwa bado lipo, limetunzwa na baba yangu, bila karatasi yoyote.

Miaka ya katikati naipita upesi. Chai ya wakulima wadogo ilipanda, kahawa ikashuka, Kyela ikawa wilaya yake mwaka 1972, maduka yakakauka, na vijana wakaanza biashara ya magendo mpakani. Ubaguzi ulipokwisha Afrika Kusini mwaka 1994, wajukuu wa watu wa Wenela wakaenda tena, safari hii wenyewe, kwa mabasi na malori, bila mkataba na bila chumba cha mvuke. Wanaiita Bondeni. Mei 2008 makundi ya watu huko yaliwavamia wageni na watu zaidi ya 60 wakauawa. Katika vijiji vya huku simu hazikunyamaza wiki nzima.

Binti wa dada yangu, yule nesi wa Leicester, hakwenda Bondeni. Alisomea unesi hapahapa nchini, akaenda Uingereza wakati hospitali zao zilipokuwa zinawatafuta manesi, akaolewa, na baada ya miaka akachukua uraia wa huko. Alinieleza sababu kwenye simu, kwa sauti ya mtoto anayetoa taarifa ya msiba: "Mjomba, shikamoo. Bila pasi yao kila baada ya muda unajaza fomu upya, unalipa tena, na ukitaka mama aje kukuona anahojiwa kama mwizi." Nikamwambia marahaba, mama, umefanya la busara. Siku alipoapa, kwa Sheria ya Uraia ya 1995, akaacha kuwa Mtanzania siku hiyohiyo. Hakuna barua iliyoandikwa. Sheria haihitaji barua.

Sheria hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya 1961, nayo inamruhusu mtoto tu kuwa na uraia wa nchi mbili. Akitimiza miaka 18 achague. Tangu ipitishwe, ahadi za kuliangalia suala hili zimetolewa mara kwa mara. Tume ya Kurekebisha Sheria ililichambua. Bernard Membe, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje chini ya Rais Kikwete, alilitetea hadharani na wabunge wakambana. Kisha ikaja nafasi kubwa, Katiba mpya. Rasimu ya tume ya Jaji Warioba haikuthubutu kutamka uraia pacha. Ilipendekeza hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania. Bunge Maalumu likakutana Dodoma mwaka 2014, likagombana juu ya Muungano wa serikali mbili au tatu, Aprili wajumbe wa Ukawa, umoja wa wapinzani, wakatoka nje, waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa, na kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Haijapigwa. Suala la binti wa dada yangu limelala ndani ya kitabu hicho pamoja na mengine ambayo hayakuhusiana nalo hata kidogo.

Kwa nini limekwama? Wanaopinga wana hoja, na wanaosema kwamba hawana hoja huwa hawajawasikiliza. Wapo wanaosema mtu hawezi kutumikia mabwana wawili, hasa jeshini na Ikulu. Hiyo ni rahisi kuijibu, maana Kenya, iliyoruhusu uraia wa nchi mbili kwa Katiba ya 2010, iliweka nafasi ambazo mwenye pasi mbili hazishiki. Nzito zaidi ni ya Muungano. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, Bara haiwezi kuamua peke yake, na Zanzibar swali la nani arudi akiwa na pasi ya ng'ambo linagusa Mapinduzi ya 1964, waliokimbilia Omani na Uingereza, na nyumba na mashamba yaliyochukuliwa. Mtu wa Lufingo hana jeraha hilo, lakini sheria ni moja, na kila muswada unaoandikwa kwa ajili ya nesi wa Leicester unasomwa Unguja kwa macho mengine. Wanasiasa wanalijua hili, nao huona afadhali kulizungumza kila mwaka kuliko kulipigia kura mara moja.

Hoja ya ardhi ndiyo inayosikika kwetu. Mwenzangu mmoja wa barazani, mzee aliyeishi Lufingo maisha yake yote, alinikalia kooni nayo: "Mwalimu, sisi tuliobaki tuna jembe. Wao wana pauni. Ukiwaruhusu, mwisho wa mwaka sisi ni vibarua wao." Hakukosea. Ekari iliyokuwa na viazi sasa ina miche ya parachichi za kupelekwa nje, bei imeruka, na wanunuzi si wote wa Rungwe. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na ardhi ya kijiji ina sheria yake. Huo ni ukuta, na mzee yule anauegemea.

Ila ukuta umejengwa upande usio na mwizi. Mwenye pauni za kweli, asiye na nasaba na mtu, anapitia mlango wa uwekezaji na anapokewa kwa maua. Anayezuiwa ni yule anayetaka robo eka aliyozaliwa ndani yake. Naye hazuiwi kujenga. Anazuiwa kujenga kwa jina lake. Nyumba ya bati la damu ya mzee imeandikwa kwa jina la kaka yake yule nesi, kaka amefariki, na watoto wa kaka wanasema, kwa adabu kabisa, kwamba nyumba ni ya baba yao. Makaratasi yanawaunga mkono. Kesi za namna hii nimezikuta barazani zaidi ya moja, na hakuna hata moja iliyomlinda mzee mwenye jembe.

Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili kuingiza hiyo hadhi maalumu: mwenye asili ya Tanzania aliyepoteza uraia apewe kitambulisho, aingie na kukaa kwa urahisi, na afunguliwe njia ya kuwa na ardhi kwa masharti. Ni hatua, nami niliwapigia simu watu kuwaambia. Lakini si uraia. Hapigi kura, hagombei, na nchi yake inamtambua kama mgeni mpendwa. Kila ninapoisoma naikumbuka Wenela: fedha inapokewa, mtu mwenyewe anawekewa masharti. Wenela angalau haikudai kuwa mama yake.

Na si kwamba dola yetu haiwezi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kuwekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliomba uraia mwaka 2008, na zaidi ya 160,000 wakakubaliwa. Hata wao walikwama, kwa sababu serikali ilitaka kwanza wahamishwe makazi na mikoa ikasitasita kuwapokea, wakakaa miaka bila vyeti, si wakimbizi si raia. Mwaka 2014 serikali ikaamua, vyeti vikagawiwa, na nchi haikuanguka. Nafurahi kwa ajili yao, na naona wivu.

Wapo wanaojifariji kwamba hata wakubwa wamekwama. Ni kweli. Marekani, ambayo vijana wetu wamecheza bahati nasibu ya viza zake, iliwachukua Wameksiko kwa mikataba ya msimu kuanzia 1942 hadi 1964, kwa mtindo ambao baba angeutambua mara moja, na mpaka leo haijakubaliana ifanye nini na mamilioni wanaoishi humo bila karatasi. Mwaka 2013 Seneti yao ilipitisha muswada mkubwa kwa kura 68 dhidi ya 32, na Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura kabisa. Huko wanagombana juu ya wageni. Sisi tunagombana juu ya watoto wetu, na hatujafika hata kwenye hizo 68.

Majirani wameshavuka. Zambia iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa marekebisho ya Katiba ya 2016, na Malawi ikafuata miaka michache baadaye. Kwa hiyo Mngonde wa Karonga anaweza kuwa nesi Leicester na bado akawa Mmalawi. Binamu zangu wa Kitwe, Zambia haiwakatazi kushika pasi ya Tanzania. Anayewakataza ni Tanzania. Katika ukoo mmoja uliokatwa na mto, sisi wa upande huu ndio peke yetu tuliobaki na sheria inayomfuta mtu.

Msimamo wangu ni huu. Uraia wa kuzaliwa usipotee kwa kuapa kwingine. Nafasi za juu za dola na ulinzi zibaki kwa wenye uraia mmoja. Na ardhi ya kijiji ilindwe kwa sheria ya ardhi, kwa kikomo cha ekari kinachomhusu kila mtu, awe wa Leicester, wa Dar es Salaam au wa Lufingo, ili mzee mwenye jembe asitegemee sheria ya uraia kumfanyia kazi ambayo haiwezi. Zanzibar ikiwa na hofu yake isemwe wazi mezani na iandikiwe kifungu chake.

Nanyi mnaosoma haya mkiwa Rungwe, Busokelo au Kyela, msimuulize mbunge wenu kama anawapenda Watanzania walioko nje. Atasema anawapenda. Muulizeni atapiga kura ya ndiyo au ya hapana, na muswada utafika lini. Akiwaambia kwamba serikali haijauleta, mkumbusheni kuwa Kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge kuwasilisha muswada binafsi.